Kusi ni Msimu wa Kusuka

Sote twaijua methali isemayo kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mimi naona mzee aliyeitunga aliitunga wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia kama maji ya mtungini. Lau angekuja Malindi au Ngomeni mwezi wa Mei, akagaagaa na upwa kutwa nzima, angerudi nyumbani na mwani, kiatu kimoja cha ndara na mafua. Wali wake angeula mkavu vilevile.

Katika makala haya nataka kueleza kazi za mikono zinazofanywa majumbani mwetu bahari inapochafuka. Kwa bahati msimu huo huangukia likizo yetu ya Aprili, na ile ya Agosti huikuta kusi bado ipo. Nitasema zaidi juu ya kusuka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niijuayo kwa vidole vyangu. Wenzangu waliotoka bara wasichoke na maneno mageni. Nitayafafanua njiani.

Kwanza tuelewane kuhusu upepo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, tangu Desemba hivi mpaka Machi, nayo huja na joto, ukavu na maji matulivu. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, tangu Aprili mpaka Septemba hivi. Baina yao kuna majuma machache ambayo upepo haujaamua uende wapi, na mabaharia huyaita tanga mbili. Kusi inapoanza huja pamoja na mvua za masika, na hapa kwetu Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Mto Sabaki hufurika, ukamwaga matope yake yote baharini, na maji ya Malindi yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mitumbwi na madau madogo hayathubutu kutoka nje ya mwamba. Wavuvi hukaa nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo huwa ni mapumziko, watu hulala na kucheza bao. Juma la pili sufuria huanza kulia.

Chukua mfano wa mwaka wa 2024, nilipokuwa kidato cha kwanza. Wengi mwakumbuka kuwa tulikuwa tufungue shule Aprili 29. Nchi nzima ilikuwa na mafuriko, tukaongezwa juma moja hadi Mei 6. Kabla tarehe hiyo haijafika tukaambiwa tena tungoje, bila kutajiwa siku, na wakati huohuo kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikuwa chaelekea pwani ya Tanzania. Mwisho tulifungua Mei 13. Majuma mawili ya ziada! Wengine walishangilia. Nyumbani kwetu chombo cha baba kilikuwa kimepinduliwa juu ya magogo chini ya mkwaju, na pesa zangu za chakula cha mchana shuleni zilikuwa bado hazijapatikana. Nyanya alinitazama nilivyokaa barazani akaniuliza, "Mjukuu wangu, wataka kusuka au wataka kuhesabu matone?"

Nyanya, mama, dada yangu na mimi tulisuka vikapu 7, tukauza kila kimoja shilingi 200. Jumla shilingi 1,400. Nitarudi kwenye hesabu hiyo baadaye, maana ina mambo.

Anayeanza kabisa aanze na pakacha. Pakacha halihitaji matayarisho yoyote na malighafi yake huletwa na upepo wenyewe. Asubuhi baada ya dhoruba utakuta makuti mabichi yamelala chini ya minazi, hujapanda wala hujamlipa mkwezi. Kata kipande cha kuti chenye urefu wa mkono wako, pasua uti wake katikati upate pande mbili, kila upande na majani yake. Suka majani hayo moja juu, moja chini. Kisha pande mbili zikabiliane, uti ukiwa ndio mdomo wa pakacha, na ncha za majani uzikusanye chini na kuzifunga fundo. Basi. Hilo litabeba nazi, maembe au samaki kwa siku chache, likikauka hutiwa motoni. Ukisuka kuti zima kwa mtindo huohuo wa moja juu moja chini umepata kuti la kumba, la kuzibia ua au kiambaza cha jikoni. Mtoto wa darasa la nne aweza.

Sasa tuje kwenye kusuka hasa, na hapa ndipo penye siri ambayo watu wengi hawaijui. Kazi ya kusi huanza kaskazi.

Majani ya kusukia hutoka katika miti miwili ya jamii ya mnazi na mtende. Mmoja ni mkoma, ambao matunda yake, makoma, watoto huyaguguna njiani mpaka meno yakauma. Jani lake limekunjuka kama kipepeo cha mkono, nalo likichanwa hutoa nyuzi pana na ngumu ziitwazo miyaa, za vikapu, majamvi na kamba. Wa pili ni mkindu. Huu hupenda penye maji, kandokando ya mito na mabonde, na kindu zake ni nyembamba na laini, hivyo ndizo za mikeka mizuri ya kupambia nyumba na misala ya kuswalia. Mkindu una miiba mikali kwenye shina la jani, kwa hiyo akatae aende na panga, si kwa mikono mitupu.

Jani linalotakikana ni lile changa la katikati, ambalo bado limefumba kama mwavuli uliokunjwa. Mkataji mjuzi huchukua jani hilo lakini haugusi moyo wa mti ulio chini yake. Miti hii haichipui popote kama mwarobaini. Kila shina au tawi hukua kwa kichwa kimoja tu, ukikikata shina hilo limekufa. Nimeona mahali watu walipokata ovyo, na mwaka uliofuata hapakuwa na la kukata.

Jani likishakatwa hufunuliwa na kuanikwa juani. Jua kali la Februari au Machi hulikausha kwa siku tatu au nne, likageuka kutoka kijani hadi rangi ya maziwa. Jaribu kufanya kazi hiyo mwezi wa Mei uone! Jua hutoka nusu saa, mvua ikapita, jani likabaki na rangi ya manjano kama la mgonjwa, baada ya siku mbili limeota ukungu wenye madoadoa meusi ambayo hata rangi haiwezi kuyaficha. Ndiyo maana nyumba yenye msusi huwa na mafungu ya majani makavu yamehifadhiwa kabla ya masika, aghalabu kwenye uchaga juu ya meko, ambako moshi huyakinga na ukungu pamoja na wadudu. Anayengoja mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta majani hasuki kitu mwaka huo, labda pakacha.

Lakini hilo si kusema kwamba kusi ni adui wa msusi. Sivyo. Jani kavu wakati wa kaskazi ni gumu na hukatika vidoleni, hivyo msusi hulazimika kulinyunyizia maji kila mara na kulifunika kwa gunia bichi. Wakati wa kusi hewa yenyewe ina maji. Nyuzi za jani huunyonya unyevu huo, zikalainika na kukubali kupinda. Nyanya ana kipimo chake: huukunja mwaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ukilia "ka!" unataka maji. Ukinyamaza, wasukika. Kwa hiyo jua la kaskazi hukausha na unyevu wa kusi husuka, na pepo hizo mbili zafanya kazi moja. Ila majani yasilowe chepechepe, kwa sababu jani lililovimba maji husinyaa likikauka, na kikapu kikabaki na matundu kama meno ya mzee.

Kabla ya kusuka, miyaa huchanwa kwa ncha ya kisu au kwa ukucha iwe na upana ulio sawa. Hapa ndipo subira ya mtu inapopimwa. Ikipishana upana, ukili utakwenda kombo kama nyoka. Anayetaka mapambo huchovya sehemu ya miyaa katika rangi ya unga inayouzwa madukani, iliyochemshwa ndani ya sufuria kuukuu, kisha huianika kivulini. Zambarau, nyekundu na kijani ndizo hupendwa huku kwetu. Usitumie sufuria ya kupikia, mama atakufukuza nyumbani na mvua inanyesha.

Ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kabla ya kitu chenyewe kushonwa. Wageni wengi hufikiri mkeka husukwa mzima kama kitambaa. La hasha. Husukwa ukili mmoja mrefu sana, ukazungushwa kama mkanda wa kupimia wa fundi seremala, ndipo ushonwe. Miyaa hupangwa mshazari, nusu ikielekea kushoto na nusu kulia, na kila mmoja hupita juu ya miwili na chini ya miwili. Ukifika ukingoni waukunja na kuurudisha ndani. Mwaa ukikaribia kuisha, wa pili hulazwa juu yake na kuendelea, na zile ncha zinazobaki zimechomoza hukatwa baadaye kwa kisu. Rangi ndiyo huleta umbo: mwaa mmoja mwekundu utatoa mstari wa mapembe, miwili itatoa vidirisha. Mwalimu wetu wa hisabati angepita siku moja akaona dada yangu anavyohesabu bila kalamu, angempa alama zote.

Kikapu cha sokoni huhitaji ukili wa upana wa vidole vitatu, na urefu wake kama pima nne au tano, yaani mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa mara nne au tano. Kushona huanza katikati ya kitako. Ukili huzungushwa ukijizunguka wenyewe kama konokono, na ukingo mmoja hushonwa na wa jirani yake kwa uzi wa ukindu na shazia, ile sindano kubwa ya fundi magodoro. Kitako kikitosha, waukaza mkono kidogo na ukili waanza kupanda juu kuwa ubavu. Mkono ukilegea kikapu hupanuka kama bakuli. Mdomoni hutiwa upindo, na mwisho vipini vya kamba vinavyopita chini ya kitako kizima. Vipini vilivyoshonwa mdomoni tu hung'oka siku ya kwanza utakapotia viazi.

Kuna wavulana wenzangu wanaocheka wakisikia mvulana asuka, ati hiyo ni kazi ya kina mama. Hebu waende bandarini msimu wa kusi watazame kina baba wafanya nini. Mmoja afuma nyavu zilizotatuka, mwingine asuka lema, yaani mtego wa samaki wa fito wenye matundu ya pembe sita. Mwingine asokota kamba za makumbi ya nazi, ambayo nayo yalifukiwa kwenye mchanga wa pwani miezi mingi kabla ili yaoze, ndipo yapondwe. Ndani kidogo, huko mashambani Kilifi, wanaume kwa wanawake washona makuti ya viungo: majani ya mnazi yaliyokauka hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa kwa mwaa, ndiyo yanayoezeka nyumba zetu na hoteli za watalii. Yote hayo ni kusuka, tofauti ni jina tu. Na si jambo la juzi. Kitabu kimoja cha mfanyabiashara Myunani, kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja watu wa pwani hii wakiwa na vyombo vilivyoshonwa na mitego ya samaki ya kusukwa. Mtepe, ile merikebu ya Waswahili, haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na tanga lake lilikuwa mkeka. Sasa nani atamwambia nahodha wa mtepe kuwa alivaa kazi ya kina mama mlingotini?

Hata huko kwenye baridi ya theluji mambo ni hayohayo. Jezi tunazovaa uwanjani zimepata jina lake kutoka Jersey, kisiwa kilicho baina ya Uingereza na Ufaransa, ambacho watu wake walisifika kwa kufuma mavazi ya sufu. Walifuma wanaume, wanawake na watoto, hata mwanzoni mwa karne ya 17 ikabidi itungwe sheria ya kuwakataza kufuma wakati wa mavuno, maana mashamba yalikuwa yanakosa watu. Kwetu hakuna haja ya sheria. Bahari yenyewe hufunga mlango na kuufungua.

Nirudi kwenye hesabu niliyoahidi. Kikapu kimoja humchukua mtu mmoja siku tatu za kusuka na karibu nusu siku ya kushona, mbali na kukata, kuanika na kuchana. Mwaka ule wa 2024 alipita mnunuzi mmoja nyumba kwa nyumba akitaka kununua kwa shilingi 120. Alijua fika kuwa vyombo havijatoka na watu wana shida. Majirani wengine waliuza, wala siwalaumu, njaa haina subira. Nyanya alikataa. Alituambia tuvitundike ukutani tungoje siku ya soko, nasi tukapata 200. Hata hiyo 200 ukiigawanya kwa siku tatu na nusu hufika kama shilingi 57 kwa siku. Hiyo si pesa ya kutajirisha mtu. Hata hivyo ndiyo iliyonipeleka shuleni muhula wa pili, kwa hiyo siidharau.

Naona bei yaweza kuwa bora kuliko hivyo. Tangu Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya nzima, na tangu Juni 5, 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika hifadhi za taifa, zikiwemo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Mtu anayekwenda sokoni lazima abebe kitu. Wengi hununua mifuko ya kiwandani inayochanika baada ya mwezi, hali kikapu cha miyaa huvuka mwaka kisilowe. Kinachotuangusha ni kuuza mmoja mmoja, tena wakati wa shida. Nyumba tano zikiweka vikapu vyao pamoja na kukubaliana bei, mnunuzi wa 120 atapita njia nyingine.

Na ile ndara niliyoitaja mwanzo usiitupe. Huko Kiwayu, kaskazini ya Lamu, miaka ya 1990 watoto walikuwa wakichonga vitu vya kuchezea kutokana na ndara zilizotupwa ufuoni na mawimbi, na kutokana na mchezo huo ikazaliwa biashara ya vinyago vya wanyama vinavyouzwa mpaka ng'ambo. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara, jina lake Flipflopi, na mapema mwaka wa 2019 likasafiri hadi Unguja. Ndara hukatika kwa kisu kikali na husuguliwa kwa msasa. Mdogo wangu amejitengenezea kasa watatu. Mmoja ana mguu wa rangi ya waridi.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili wanaotaka kujifunza ukili waje nyumbani likizo ya Aprili, siku za Jumamosi baada ya adhuhuri. Nyanya amekubali wanafunzi sita, si zaidi, baraza letu ni dogo na upande wa kusini mvua huingia. Kila mtu aje na kisu kidogo na fungu lake la miyaa iliyokwisha kauka. Majani akatiwe mapema Machi, maana yetu tuliyoyaweka uchagani yatatutosha sisi wenyewe tu.